Uso wa Kushikia Nafasi

Ukutani kwetu kiwandani, juu ya mashine ya kukatia karatasi, nimebandika kanuni moja kwa herufi kubwa: MTEJA AKISHATIA SAHIHI KWENYE SAMPULI, KOSA NI LAKE. Niliiandika baada ya bwana harusi mmoja kunijia juu, eti kadi zake mia tatu zimetoka na jina la mchumba wake wa zamani. Jina alilileta yeye. Sampuli aliiona yeye. Wino aliumwaga yeye, simu ikiwa sikioni. Tangu siku hiyo simchapii mtu kitu bila sahihi, hata awe mkwe wangu.

Kanuni ya pili haijaandikwa popote, maana ni ya mimi na mashine zangu tu. Mteja akitaka kadi, bango au kalenda na hajaleta picha, siachi nafasi tupu. Ukimwonyesha mtu kisanduku cheupe anaanza maswali ya kitoto: hapa patakuwa na nini, mbona pakubwa, mbona padogo. Kwa hiyo naweka picha ya mama yangu. Imo kwenye kompyuta tangu miaka sita iliyopita, picha ndogo ya pasipoti aliyopigwa hospitali kwa ajili ya kadi ya kumwona baba wodini. Nyingine sina, kwa sababu mama hapendi kupigwa picha. Basi mama ameshakuwa bibi harusi, ameshakuwa marehemu, ameshakuwa mwenyekiti wa chama cha wafuga kuku, na mara moja, kwa siku mbili, alikuwa bingwa wa masumbwi uzito wa juu. Bingwa mwenyewe alipoiona sampuli alisema mpinzani huyo hamtaki.

Uso wenyewe ni hivi. Amekunja ndita. Midomo ameibana. Macho yamemkazia mtu aliye mbele yake kana kwamba anamwambia: endelea tu, nakusikiliza. Mtu asiyemjua angedhani ni hakimu. Mama yangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, wanafunzi wakimwita Mama Sufuria, na ni mtu wa kucheka. Akicheka anacheka mwili mzima, pengo lake la mbele likiwa wazi, na watu walio nje ya nyumba wanaanza kucheka kabla hawajajua kuna nini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kwenye picha ile yuko vile. Nilijua baba alikuwa mgonjwa, nikaona inatosha.

Sasa ngoja nikueleze alivyokaribia kuwa makamu wa rais.

Mheshimiwa alikuwa anagombea urais kwa mara ya pili. Aliwahi kuwa waziri wa afya, akawa waziri wa hiki na kile, na kwa mara ya pili watu walikuwa wanamtazama kama wanavyotazama manyunyu: hawafurahi, hawakimbii. Kazi ya mabango yake niliipata mimi. Aliyeniletea ni Mratibu wa kampeni, bwana mwembamba mwenye simu mbili ambaye akiongea na wewe anaongea na mwingine pia, na wote wawili mnaondoka hamjaambiwa kitu.

"Tatizo letu ni mgombea mwenza," aliniambia, akiwa amekalia rimu zangu za karatasi bila kuomba. "Mheshimiwa ni chakula kizuri. Kinachokosekana ni chumvi."

Nilikuwa na maoni yangu kuhusu chakula chenyewe, lakini kazi ni kazi. Nikameza mate.

Walikuwa na majina matatu. La kwanza ni Profesa wa uchumi, ambaye anaheshimiwa na kila mtu na hasikilizwi na yeyote. La pili ni Tajiri wa saruji. La tatu ni Mwimbaji, kijana mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Mratibu alitaka sampuli za bango kwa kila mmoja akiwa pembeni ya Mheshimiwa, azipeleke sokoni, stendi na kwa vinyozi, awaulize watu wangempa nani kura. Kwanza nilimtolea karatasi ya mpangilio tu, aone rangi na ukubwa wa herufi. Nafasi ya mgombea mwenza nikaweka uso wa mama, kama kawaida yangu. Mratibu akamwaga wino bila kuangalia, nikatoa zile tatu, na zote nne zikaingia kwenye bahasha moja.

Alirudi baada ya siku nne. Safari hii simu zote mbili zilikuwa mfukoni.

"Huyu mwanamke ni nani?" akaniuliza.

Matokeo aliyatandaza juu ya meza yangu. Mheshimiwa na Profesa: asilimia thelathini na moja, na muuza nyama mmoja aliuliza kama hilo ni tangazo la msiba. Mheshimiwa na Tajiri: thelathini kamili, watu wakitaka kujua nani kamnunua mwenzake. Mheshimiwa na Mwimbaji: thelathini na nne, lakini wengi walisema wangekuja kwa sharti aimbe na Mheshimiwa asihutubie. Mheshimiwa na mama yangu: hamsini na mbili.

"Hamsini na mbili!" Mratibu alipiga meza, wino ukaruka. "Mke wa kinyozi kasema, huyu hadanganyiki. Mpiga debe kasema, huyu akikaa mlango wa hazina hata panya watabisha hodi. Na kuna mzee mmoja, sikiliza hili, kasema: kama mama huyu kakubali kusimama na yule bwana, basi labda yule bwana tulimwonea. Umeona? Anamsafisha! Mheshimiwa hajafungua mdomo na ameshasafishwa."

Nilipaswa kumwambia kwamba mwanamke huyo alikufa zamani. Nilipaswa kumwambia kwamba ni picha ya kuokota. Lakini nilivimba kichwa, nasema ukweli. Mtu anapokuambia nusu ya nchi imempenda mama yako, hukai ukapima. Nikasema, "Ni mama yangu," na nikajisikia kama mimi ndiye niliyeshinda.

Kesho yake asubuhi, mimi nikiwaelekeza njia, magari matano yaliingia mtaa wa mama, mtaa ambao hata mkokoteni unaomba njia. Nilimkuta sebuleni, chini ya saa ya ukutani iliyosimama, anachambua mchele kwenye sinia. Vitambaa vyake vya kufuma vilikuwa juu ya viti. Mheshimiwa alikalia kimoja kikamng'ang'ania suruali, na akawa nacho mgongoni muda wote aliokuwa pale.

"Shikamoo mama," akasema Mratibu.

"Marahaba."

"Mama," Mheshimiwa akaanza kwa ile sauti ya redioni, "taifa linakuita."

"Lingebisha hodi kwanza," akasema mama. "Nimesikia honi tu."

Wakamweleza. Sheria inataka mgombea mwenza awe raia, awe ametimiza miaka arobaini na awe anajua kusoma. Mama alivitimiza vyote. Fomu zilikuwa zirudishwe mwisho wa mwezi, kwa hiyo muda ulikuwepo. Mama aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja, anaviweka ukingoni mwa sinia.

"Na mimi nitafanya nini?"

"Kusimama, mama," Mratibu akasema.

"Kusimama tu? Na kuongea?"

"Kuongea ataongea Mheshimiwa."

"Na nikitaka kucheka?"

Wakatazamana. Mratibu akajikohoza. Inaelekea kabla ya kuja walimpa mtu kompyuta, akaichezea picha mpaka mama akatabasamu, wakaipeleka sokoni. Hamsini na mbili ikashuka mpaka thelathini na sita.

"Ikiwezekana, mama," akasema, "usicheke mpaka uchaguzi uishe."

Mama aliweka sinia chini. Akaniangalia mimi, akamwangalia Mheshimiwa, na hapo ndipo nilipouona ule uso, wenyewe hasa, kwa mara ya kwanza nje ya kompyuta.

"Hiyo picha unajua ilipigwa lini?" akamwuliza.

"Sijapata kuambiwa, mama."

"Siku uliyokuja kufungua wodi mpya ya wanaume. Ulikuwa waziri. Asubuhi ile walileta vitanda vipya kwa lori na shuka nyeupe. Wakasema wagonjwa wanaoonekana wagonjwa sana wataharibu picha. Mume wangu alikuwa anaonekana mgonjwa sana. Wakamtoa, wakamlaza korido ya nyuma, chini, karibu na mlango wa stoo. Kitandani kwake wakamweka dereva wako. Mzima wa afya. Amevaa pajama, anamenya chungwa."

Mheshimiwa alijaribu kusogea, kitambaa kikasogea naye.

"Wageni wote tukaambiwa tupigwe picha za kadi, kwa usalama wako. Mpiga picha alisimama mlangoni. Nyuma yake, hatua tatu, ulikuwa umesimama wewe unakata utepe. Yule kijana aliniambia, mama, tazama kamera. Mimi nilikuwa nakutazama wewe." Mama akafuta mikono kwa kanga. "Jioni lori likarudi likachukua vitanda. Mume wangu akabaki pale chini penye upepo siku tatu. Siku ya nne akafa."

Mimi wakati ule nilikuwa mji mwingine, najifunza kazi. Nilifika mazikoni nikaambiwa baba kazidiwa, basi. Miaka sita! Uso ule nimeuweka kwenye harusi za watu, kwenye kuku, kwenye masumbwi, nimecheka nao na wateja, na sikuuliza hata siku moja mama alikuwa anamtazama nani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nitasimama," akasema mama. "Nitanuna mnavyotaka. Lakini kwa sharti moja. Mkutano wa kwanza, mbele ya watu, kwa mdomo wako mwenyewe, useme kwamba ulimtoa mume wangu kitandani. Na jina lake ulitaje."

Mheshimiwa aliweka mkono kifuani. "Mama, hilo ni dogo sana."

"Kama ni dogo lisikushinde."

Walipoondoka nilimwuliza kwa nini amekubali. Nilikuwa tayari kuvunja mkataba, niivunje na mashine yenyewe ikibidi.

"Mwanangu," akasema, akarudia mchele wake, "nimekwenda hospitali, nimekwenda wilayani, nimekwenda wizarani, kila ofisi naambiwa mhusika hayupo. Leo mhusika amekuja mwenyewe na magari matano. Unataka nimfukuze?"

Wiki mbili zilizofuata sizisahau. Mabango elfu hamsini, na neno moja chini yake kwa herufi nyekundu: ANAKUONA. Hilo nalo lilitoka sokoni. Mama mmoja muuza nyanya alisema akiitazama picha ile anajisikia kurudisha chenji aliyompunja mtu mwaka juzi. Watu walisimama barabarani kulitazama bango, halafu wakaendelea na safari wakiwa wamenyooka kidogo. Asilimia zikapanda hadi hamsini na tano.

Kila asilimia zilipopanda, Mratibu alinipigia simu. "Mwongeze mama kidogo," angesema. Nikamwongeza. "Mwongeze tena." Ukurasa haupanuki, kwa hiyo ukimwongeza mmoja lazima umpunguze mwingine. Kufikia toleo la tano Mheshimiwa alikuwa amebaki kichwa kidogo begani kwa mama, ukubwa wa beji. Siku aliyopita kiwandani akajiona, alivuta kiti akakaa, kisha akauliza kama kuna kosa la mashine. Nikamwonyesha sahihi ya Mratibu.

Mama naye walimpa mwalimu wa mwonekano, dada mmoja aliyevaa viatu virefu, wa kumfundisha kununa. Kununa kulimshinda mama kabisa. Dada alikuwa akisema, "Kaza macho, mama, fikiria jambo baya," mama anamtazama viatu anapasuka kwa kicheko. Mwishowe dada aligundua mbinu. Alimwambia amfikirie yule dereva na chungwa lake. Mama akanyamaza hapo hapo na uso ukaja. Dada alifurahi, akaandika kwenye daftari lake. Nilimchukia siku ile, na mpaka leo sijaacha.

Mkutano ulikuwa Jumapili saa tisa alasiri, uwanja wa mpira. Nilikwenda mapema kunyoosha turubai la nyuma ya jukwaa, maana vijana wa chama walikuwa wamelitundika upande, mama akawa anaonekana anateleza. Uwanja ulijaa. Wengi, tusidanganyane, walikuja kumwona Mama Sufuria. Kina mama walikaa mbele kabisa. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi sasa, walipiga sahani kwa vijiko walivyokuja navyo kutoka nyumbani. Mama alikaa jukwaani na gauni la kijani walilomshonea, mikono mapajani, mbele yake kipaza sauti kwenye mguu wake wa chuma. Kiliwekwa hapo kwa ajili ya picha tu. Fundi mitambo alisahau kukizima.

Mheshimiwa alimwaga sera kwa nusu saa. Barabara, maji, umeme, barabara tena. Kisha akasita, akainamisha kichwa, na Mratibu pembeni yake akatoa leso. Nikasema, leo anasema kweli.

"Ndugu zangu," akasema Mheshimiwa, "nataka niwaambie habari ya mume wa mama huyu. Marehemu." Akatazama karatasi yake. "Marehemu mzee wetu. Siku nilipofungua wodi mpya ya wanaume, mzee yule alikuwa mgonjwa mahututi. Lakini aliponiona, ndugu zangu, aliinuka! Aliinuka mwenyewe kitandani, akanishika mkono, akasema: Mheshimiwa, kitanda hiki wape wengine wanaokihitaji kuliko mimi. Akatoka kwa miguu yake. Huo ndio uzalendo! Na mke wa mzalendo huyo ndiye huyu hapa!"

Uwanja ulilipuka. Watu wakapiga makofi wamesimama. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alilia machozi ya kweli, akamkumbatia asiyemjua. Mratibu naye alilia, na hotuba aliiandika mwenyewe. Nilimtazama mama. Nilidhani atazimia, au atamrukia mtu.

Mama alianza na mabega. Yakatikisika mara moja, mara mbili. Kisha mdomo ukafunguka, pengo likaonekana, na kicheko kikatoka chote kwenye kile kipaza sauti, kikapita kwenye spika nane, kikafika mpaka barabarani. Alicheka akijishika mbavu. Alicheka akipiga goti. Watu walishtuka kwanza, maana uso wanaoujua hauchekagi, halafu mmoja akaanza, mwingine akafuata, na uwanja mzima ukawa unacheka bila kujua kisa. Mheshimiwa alitazama kulia na kushoto, akaona heri naye acheke. Akatoa meno yote.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya lile gauni la kijani.

"Mume wangu alikuwa hawezi kugeuka ubavu," akasema, sauti ikiwa bado ina kicheko ndani yake. "Nilikuwa namgeuza mimi kwa mikono hii. Walimbeba na shuka, wakamlaza koridoni, kitandani wakamlaza dereva wa huyu bwana. Sasa huyo aliyeinuka akatoa hotuba, labda ni dereva." Akanyoosha shingo kuelekea kwenye magari. "Dereva yupo?"

Watu elfu kadhaa waligeuza vichwa pamoja. Ndani ya gari la kwanza, bwana mmoja mnene alipandisha kioo polepole mpaka juu.

Sijawahi kusikia uwanja ukicheka vile, hata timu ya nyumbani ilipojifunga mabao mawili. Hawakucheka na Mheshimiwa safari hii. Fundi alikuja mbio akachomoa waya. Mama alishuka ngazi za jukwaa mwenyewe, akakataa mkono wa Mratibu, akaja mpaka niliposimama. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Jina hakulitaja," akaniambia. "Hata jina halijui."

Asubuhi yake redio ilitangaza kwamba mgombea mwenza amejitoa kwa sababu za kiafya. Mama alisikia tangazo hilo akiwa sokoni, mkungu wa ndizi begani. Muuza vitunguu alimpa pole kwa kuumwa, akamwongezea viwili.

Saa nne Mratibu alikuwa kiwandani. Hakunisalimu.

"Toa mama, weka Profesa," akasema. "Elfu hamsini, Ijumaa. Maneno mengine yaache yalivyo. Picha ya Profesa nitakutumia baadaye, wewe niandalie mpangilio nitie sahihi sasa hivi." Simu zote mbili zilikuwa zinalia, akajibu zote.

Niliketi kwenye kompyuta. Faili lilikuwa mbele yangu: mama mkubwa, na begani kwake kile kichwa kidogo. Mkono ulikwenda kwa mama kwanza, kama nilivyoagizwa. Ukasimama. Nikawaza ile korido. Hii sasa ilikuwa mara ya pili wanataka mtu aondolewe ili picha ipendeze, na safari hii anayeombwa kubeba shuka ni mimi.

Nikamtoa Mheshimiwa.

Mahali pake nilichora kisanduku cheupe, kikubwa sawasawa na uso wa mama, kwa mstari mwembamba mweusi, na ndani yake sikuweka picha ya mtu yeyote. Jina la Mheshimiwa likabaki chini, na ANAKUONA likabaki chini yake. Nikatoa sampuli moja nikampelekea pale alipokalia rimu zangu.

"Angalia kabla ya kutia sahihi," nikamwambia.

"Nimeangalia." Alikuwa anamfokea mtu kwenye simu ya kushoto.

"Angalia vizuri, bwana. Nikishachapa nimechapa."

"Nimekwambia nimeangalia! Chapa!" Akamwaga wino, herufi kubwa za majivuno, juu ya kile kisanduku cheupe hasa. Picha ya Profesa aliisahau, na mimi sikumkumbusha.

Ijumaa vijana wa chama walipakia mafungu kwenye pikapu. Kazi yao ni kubandika, kutazama hawakuagizwa. Jumamosi mchana kutwa walibandika mji mzima, kwa gundi ya chama na ngazi za chama. Kufikia jioni mama alikuwa kwenye kila nguzo, amekunja ndita, na pembeni yake hakuna mtu.

Mratibu alikuja Jumatatu na mwanasheria. Nilimwonyesha mwanasheria ile kanuni ya ukutani, kisha nikamwonyesha sampuli. Akaitazama sahihi, akamtazama Mratibu, akafunga mkoba wake. Kabla hawajatoka nilimwuliza Mratibu, kwa udadisi tu, kama amelipeleka bango sokoni kupimwa. Alikuwa amelipeleka. Mtu huyo hawezi kujizuia.

"Sitini na moja," akasema, akiwa ameshika mlango. Ndiyo asilimia ya juu kuliko zote alizowahi kupata Mheshimiwa, na aliipata bila kuwepo.

Uchaguzi ulipofika aliambulia ishirini na tisa, akasema redioni kwamba Profesa hakuwa na mvuto. Lakini hayo ni ya baadaye. Nataka kumalizia na Jumanne ile.

Jumanne niliamka nikakuta watu wamesimama mbele ya bango lililo ukuta wa hospitali. Mtu alikuwa amechora kitanda kwa mkaa ndani ya kisanduku cheupe. Kitanda kibaya, miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi. Kwenye bango la pili mtu hakuchora. Aliandika jina la mwanamke, na chini yake: korido, siku mbili. Bango la tatu lilikuwa na majina manne, kila moja na mwandiko wake. Sikujua kama walikuwa wengi hivyo. Nilisoma ukuta wote mpaka mwisho, halafu nikaenda kumchukua mama.

Alivaa kanga yake ya nyumbani. Alitembea polepole ukutani, anasoma, midomo ikicheza, na mara mbili alisimama kusema, huyu namjua. Watu wakampisha. Wengine walimtazama yeye, kisha wakautazama uso wa bango. Alipofika kwenye bango la mwisho, ambalo kisanduku chake kilikuwa bado cheupe, alininyooshea mkono bila kugeuka, kama alivyokuwa akiomba mwiko jikoni. Nikampa kalamu nene ya kiwandani.

Aliandika jina la baba. Lote, la kwanza, la kati na la ukoo, kwa ule mwandiko wake wa kuandikia orodha za stoo, herufi moja moja bila haraka. Akarudisha kifuniko cha kalamu, akasogea nyuma hatua tatu, akaniuliza kama linasomeka.

Nikamwambia linasomeka.